Kukaa Kimya Si Uchawi

Bwana Mhariri, naomba nafasi kidogo katika gazeti letu ili nijibu maneno yanayosemwa juu yangu bwenini. Wapo wasemao kwamba nimeacha dini ya wazazi wangu. Wapo wasemao kwamba nimejiunga na chama cha siri, na kwamba huamka alfajiri kuzungumza na mashetani. Mmoja, tena rafiki yangu, ameapa kwamba alinisikia nikilitaja jina la jini. Ukweli ni mdogo kuliko hayo yote. Kila asubuhi, kabla ya kengele, nakaa kitandani pangu dakika kumi na kuitazama pumzi yangu. Basi. Lakini kwa kuwa jambo dogo limezua maneno makubwa, na kwa kuwa naona lina faida kwetu sote, nataka kueleza lilinifikiaje, lilitoka wapi, na kwa nini nadhani shule yetu ingefanya vema kulipa nafasi.

Sina budi kuanza na aibu yangu, maana pasipo hiyo habari hii haina kichwa.

Muhula wa kwanza mwaka huu nilikuwa kiranja wa bweni. Siku moja maji ya bomba yalikatika tangu asubuhi, tukapanga foleni kwenye tangi. Kijana wa Senior Two akasogeza dumu lake mbele ya langu. Nikamwambia arudi nyuma, akacheka. Sikumbuki kilichotokea kati ya kicheko chake na kofi langu. Nakumbuka tu kwamba kiganja kiliniuma, na kwamba yeye alikuwa chini, damu inamtoka puani, maji yamemwagika, na foleni nzima imenyamaza. Baadaye ikajulikana kwamba maji yale alikuwa akimpelekea mwenzake aliyelala na malaria. Nilivuliwa ukiranja mbele ya shule nzima, wala sikuonewa.

Lakini si adhabu iliyonitisha. Kilichonitisha ni ile nafasi tupu kati ya kicheko na kofi. Nani alikuwa ndani yangu wakati ule? Baba yangu alikuwa na mkono mwepesi, na nilipokuwa mdogo niliapa kwamba sitakuwa kama yeye. Nikiwa na miaka kumi na tisa nikaona kwamba kiapo hakikutosha. Nilikiri dhambi yangu kwa Padre, naye akanipa malipizi na maneno mema, nikamshukuru. Hata hivyo juma lile lile nilimvutia ngumi mtu mwingine, nikazuiwa na wenzangu. Kujuta nilijua, kujizuia sikujua.

Likizo ilipofika nilikwenda kukaa kwa mjomba wangu, huko Bwaise. Wanaoijua Bwaise wanajua kwamba mvua ikinyesha sana maji huingia nyumbani bila kubisha hodi. Mjomba ni dereva wa bodaboda, na kituo chake kipo kando ya barabara ya Bombo. Zamani alisifika kwa mambo mawili: kupenda waragi na kupenda ugomvi. Safari hii nilimkuta mtu mwingine. Mteja alimpunja nauli mbele ya macho yangu, akaondoka akitukana. Mjomba alidai haki yake kwa sauti ya kawaida, akaikosa, akavuta pumzi, akafuta kiti cha pikipiki yake kwa kitambaa. Nikamwuliza, "Mjomba, umeokoka?" Akacheka. "La, mpwa wangu. Ningali Mkatoliki kama mama yako. Ila nimejifunza kusubiri."

Alinieleza kwamba miaka michache iliyopita alianguka na pikipiki akavunjika mguu. Mguu ulipona, lakini usingizi ulipotea. Kila akifumba macho alisikia breki za lori. Rafiki yake aliyesikia habari redioni akampeleka mahali panapoitwa Uganda Buddhist Centre, upande wa Garuga, njia ya Entebbe, karibu na Ziwa Viktoria. Hapo ndipo alipofundishwa kukaa. Usingizi haukurudi siku ile wala juma lile. Ulirudi polepole, kama mgeni asiye na hakika kwamba anakaribishwa.

Jumamosi moja alinipeleka nikaone mwenyewe. Tulipanda teksi mpaka mjini, tukapanda nyingine ya njia ya Entebbe, nami njia nzima nilijiuliza kama mama angekubali. Nilitazamia kuona mambo ya kutisha. Niliona hekalu, sanamu ya Buddha, watawa waliovaa majoho, na watu waliokaa chini kimya. Hakuna aliyeniuliza dini yangu. Nikakaa nami. Kwa kweli, wasomaji wenzangu, katika maisha yangu sijafanya kazi ngumu kama ile ya kukaa bila kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Unakaa umenyoosha mgongo bila kujikaza. Unafumba macho. Unaiacha pumzi iingie na kutoka yenyewe, wewe unaitazama tu, pale inapogusa tundu za pua au inapoinua tumbo. Baada ya muda mfupi akili itatoroka. Yangu ilikwenda kwenye posho na maharage, kisha kwenye mpira, kisha kwenye uso wa yule kijana wa Senior Two. Ukigundua kwamba imetoroka, hujikemei. Unairudisha kwenye pumzi kwa upole, kama mtu anayemrudisha mbuzi mdogo zizini. Itatoroka tena, nawe utairudisha tena. Hakuna dawa ya kunywa, hakuna hirizi, hakuna jina la jini. Rafiki yangu aliyesikia nikinong'ona asubuhi alinisikia nikihesabu pumzi: moja mpaka kumi, kisha moja tena.

Mafundisho haya si ya jana. Asili yake ni Siddhartha Gautama, ambaye watu humwita Buddha, yaani Aliyeamka, aliyeishi India ya kaskazini karne nyingi kabla ya Yesu Kristo. Wala si mageni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Huko Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, lipo hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala kutoka kisiwa cha Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka, mapema katika karne iliyopita. Lakini hekalu lile lilikuwa la wageni waliokuja na dini yao. Hapa kwetu habari ni tofauti: aliyeleta mafundisho haya ni Mganda.

Jina lake la kuzaliwa ni Steven Kaboggoza. Alizaliwa mwaka 1966, akalelewa katika dini ya Kikatoliki kama wengi wetu. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma chuo kikuu, na huko akakutana na watawa vijana kutoka Thailand waliokuwa wakisoma pamoja naye. Hakwenda kutafuta dini. Alikwenda kutafuta digrii. Lakini urafiki ule ulimwonjesha kitu, naye akakifuata miaka mingi katika nchi za Asia, kisha Marekani. Mwaka 2002 alipokea daraja ya utawa huko California mikononi mwa mtawa mzee wa Kiburma, U Silananda, akaitwa Bhante Buddharakkhita. Alikaa miaka minane katika monasteri ya Bhavana huko West Virginia, chini ya mwalimu mashuhuri kutoka Sri Lanka, Henepola Gunaratana. Mwaka 2005 akakianzisha kituo nilichokitaja.

Je, alipokelewaje nyumbani? Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba watu walipomwona amenyoa kichwa na kuvaa joho, wengine walimdhania mganga wa kienyeji. Nilipoisikia habari hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza, maana ndiyo habari yangu mwenyewe bwenini. Sisi tukikutana na jambo tusilolijua, mara moja tunalipa jina la uchawi, na jina likishatolewa hakuna anayeuliza tena. Hata hivyo mama yake mzazi alimwuliza, akamsikiliza, na mwishowe naye akawa mtawa wa Kibuddha. Sisemi kwamba mama zetu wafuate njia hiyo. Nasema kwamba alitangulia kuuliza.

Sasa nije kwenye maisha ya kila siku, maana huenda msomaji akauliza: kukaa kitandani dakika kumi kunamfaa nini mtu mwenye mtihani wa taifa? Wabuddha hufundisha kwamba mtu anaweza kuwa macho namna hii katika hali nne: akikaa, akisimama, akitembea na akilala. Kwa hiyo kile kikao cha asubuhi ni mazoezi tu, kama vile kukimbia uwanjani jioni. Mchezo wenyewe uko mbele. Mchezo wangu ulikuwa kwenye lile lile tangi la maji.

Muhula wa pili, majuma matatu baada ya kufungua shule, maji yalikatika tena. Nilikuwa kwenye foleni kama mtu yeyote. Kijana mmoja wa darasa langu akapita mbele, akaniambia kwa sauti kubwa, "Kofi lako li wapi leo, bwana kiranja?" Watu wakacheka. Nilihisi masikio yangu yakipata moto. Nilihisi taya likijifunga na vidole vikijikunja. Hayo yote, ndugu zangu, yalikuwapo muhula wa kwanza pia, ila sikuyaona. Safari hii niliyaona yakija, mmoja mmoja, kama abiria wanaoshuka kwenye teksi. Nikajiambia moyoni, "Hasira imefika." Nikatazama pumzi moja. Nikatazama ya pili. Nafasi ile iliyokuwa tupu sasa ilikuwa na mtu ndani yake, na mtu huyo alikuwa mimi.

Nisijisifu kupita kiasi. Nilimjibu maneno makali, na jioni niliyajutia. Lakini mkono wangu ulikaa mahali pake.

Siku iliyofuata nilimtafuta yule kijana wa Senior Two. Muhula wa kwanza nilikuwa nimemwomba radhi mbele ya walimu, kwa amri. Safari hii nilikwenda peke yangu. Nilimwambia kwamba nilimkosea, na kwamba sikuja ili anisamehe, nimekuja ili ajue kwamba najua. Alitazama viatu vyake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ssebo, mimi kila nikichota maji huangalia kwanza kama upo." Neno hilo liliniuma kuliko kuvuliwa ukiranja, na sikuwa na jibu. Nilikaa na maumivu yake bila kuyakimbia wala kujitetea. Nalo hilo, nadhani, ni tunda la kukaa kimya. Tangu siku hiyo, ninapomwona anakuja na dumu, nasogea kando mapema ili anione nimesogea. Hatujawa marafiki. Siku moja alinisalimu.

Sasa nijibu hoja za wenzangu, maana baadhi yake zina uzito.

Hoja ya kwanza ni ya dini. Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Namjibu kwa adabu kwamba sijauacha mbachao wangu, nahudhuria Misa kama zamani, na huenda sasa nasikia mahubiri mengi zaidi, kwa kuwa akili yangu haitoroki sana. Kanisa lenyewe halikukaa kimya juu ya jambo hili. Mwaka 1965, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilitoa tamko la Nostra Aetate, ambalo linaitaja dini ya Kibuddha na kusema kwamba Kanisa halikatai lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Thomas Merton, mtawa Mtrapisti wa Marekani, alisafiri mpaka Asia mwaka 1968 kujifunza kwa watawa wa huko, akafia Bangkok mwezi Desemba mwaka huo, angali mtawa wa Kikatoliki. Ni kweli pia kwamba mwaka 1989 Roma ilitoa barua ya kuonya kwamba njia hizi za mashariki zisichukuliwe kuwa badala ya sala ya Kikristo. Onyo hilo nalikubali. Kutazama pumzi si sala yangu. Ni kufagia nyumba kabla mgeni hajaingia.

Naongeza neno la haki kwa upande wa pili. Tusiwadharau Wabuddha kwa kudhani kwamba dini yao ni kupumua tu. Wao wana amri tano wanazozishika: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, na kutolewa kileo. Mjomba alipoacha waragi hakuacha kwa sababu ya pumzi peke yake. Aliacha kwa kuwa alisikia amri hiyo ikielezwa, akaona ni kweli. Achotaye maji kisimani kwa jirani hana budi kumshukuru jirani.

Hoja ya pili ni ya uvivu. Husemwa kwamba mwanafunzi akae na vitabu, si na pua yake. Nakubali kwamba aliyetazama pumzi bila kusoma atafeli kwa utulivu mkubwa. Lakini nani asiyejua jinsi tunavyosoma sasa? Macho yapo kwenye ukurasa, akili ipo kwenye simu iliyofichwa chini ya godoro. Dakika kumi za kuirudisha akili si hasara kwa mtu aliyekuwa akipoteza saa nzima bila kujua.

Hoja ya tatu ni ya wale wanaotaka jambo hili lifanywe somo la lazima, kwa kuwa wamesikia kwamba wataalamu wanalisifu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo kwa wagonjwa katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, hospitali nyingi zimeyatumia mazoezi haya kwa wenye maumivu na wasiwasi. Lakini tusikie na upande mwingine. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza, wenye wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule zaidi ya 80. Darasa zima lilifundishwa, anayetaka na asiyetaka. Mwishowe waliofundishwa hawakuonekana kuwa na afya bora ya moyo kuliko wenzao, na wengi wao hawakufanya mazoezi walipokuwa nyumbani. Mimi sishangai. Ng'ombe hupelekwa mtoni. Kunywa ni kwake. Mimi nisingeketi hata dakika moja kama nisingalikuwa nimekwisha kuona damu ya mtu kwa ajili ya dumu la maji. Tena mwenye huzuni nzito au ugonjwa wa akili asidanganywe kwamba pumzi zitamtosha. Aende kwa daktari.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kila jioni, kabla ya kipindi cha kujisomea usiku, chumba kimoja kifunguliwe dakika kumi kwa ukimya. Asilazimishwe mtu. Anayetaka kusali rozari moyoni asali. Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa Kawempe na wamo darasani mwetu, wapate nafasi ya kumtaja Mungu wao. Anayetaka kutazama pumzi atazame. Sharti liwe moja tu, kwamba simu zibaki nje pamoja na viatu. Tukifanya hivyo muhula mmoja na chumba kikabaki kitupu, kifungwe, nami nitakubali kwamba nilikosea.

Kwenu ninyi, wanafunzi wa zamani, ambao kila mwaka mnatuuliza mnaweza kutusaidia kwa nini: safari hii siwaombi saruji wala mabati. Naomba mikeka michache. Na ninyi mlio mabwana wakubwa maofisini, mnaokwama katika msongamano wa magari pale Kalerwe huku mmelaza mkono juu ya honi, jaribuni pumzi tatu kabla ya kuibonyeza. Foleni haitasogea, lakini mtakaowakuta nyumbani jioni watawashukuru.

Mwaka huu ninamaliza masomo. Sijui kama nitafaulu, wala sijui kama siku moja nitakuwa na watoto. Nikiwapata, najua mkono niliourithi. Ndiyo sababu naamka kabla ya kengele. Anayetaka kujua ninachofanya asichungulie dirishani. Aje akae karibu nami, kitanda kina nafasi.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Senior Six